Baki

Nilianza na kumi na saba.
Jozi kumi na saba za mti wa uani, juu ya meza,
na watoto watano,
katika shule ya Gorna Orlitsa, milimani Rodopi,
ambako jiko la kuni limekalia nafasi ya madawati mawili.
"Gaweni," nikasema. Sikusema zaidi.

Desislava akagawa kama wagawavyo karata:
moja kwako, moja kwako, moja kwangu.
Metin alitaka kupima kwa kiganja.
Gergin, asiyesema, alizipanga mbili mbili
akaishia na moja mkononi;
kumi na saba ni witiri, haikubali kukaa jozi jozi
hata kama ni jozi.
Naye Zlatko alikwisha pasua moja kwa kisigino
akaniuliza, mdomo umejaa,
kama iliyoliwa inahesabiwa.

Tukaandika ubaoni: INAHESABIWA.

Tatu, tatu, tatu, tatu, tatu,
pamoja na ile iliyo tumboni mwa Zlatko.
Mbili zikabaki katikati ya meza, zinatazamana.
Kitabu huliandika baki pembeni, kwa haya,
kama makombo ya kufagiwa.
Lakini mpe mtoto jozi aishike
uone kama ataiita makombo.

"Tuzipasue," akasema Sevdie.
Nusu nne. Watu watano. Hazitoshi.
Tukapasua nusu: robo nane.
Kila mmoja robo, zikabaki tatu.
"Mwalimu!" Metin akapanda juu ya kiti.
"Zilibaki mbili, sasa zimebaki tatu,
na hakuna aliyeongeza kitu!"
Sikumjibu. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo
tangu Septemba, tangu vidole vyao vikiwa vyeusi
kwa maganda mabichi, na sabuni imeshindwa.
Sevdie akazirudisha robo tatu ndani ya ganda,
polepole, kama anayemlaza mtu,
akatuonyesha pengo.
Hata jozi moja haikutimia.

Januari tulimwaga majivu juu ya theluji,
mstari mrefu kutoka mlangoni hadi lango la nje:
ngazi ni sifuri, kuelekea barabarani ni hasi.
Rusha dadu, ruka. Metin alifika hasi sita
akateleza, akakaa hapo hapo, anacheka,
mgongo wake ukigusa lango.

Februari baba yake aliwaita Valencia.
Kumi na saba kwa wanne: nne nne, baki moja.
Zlatko akaenda Hamburg na shangazi.
Kumi na saba kwa watatu: tano tano, baki mbili.
Gergin alichukuliwa na bibi yake, Plovdiv,
akaondoka bila kuaga, kama alivyoishi.
Nane nane, baki moja.
Tazama fungu linavyonona.
Sijawahi kuchukia jibu sahihi
kama nilivyolichukia lile.

Metin alituma kadi yenye picha ya bahari.
Nyuma, kwa mwandiko unaopanda mlima:
"Machungwa ya huku yana vipande kumi, mengine kumi na moja.
La kumi lingetutosha, viwili viwili.
Nimelila peke yangu. Halikuwa na baki."

Mei afisa alikuja na kalamu na fomu.
Alihesabu madawati, akahesabu wasichana wawili,
akauliza kama jiko ni mali ya shule.

Alipoondoka nilimwaga jozi mezani, kwa mazoea tu,
za mwaka jana, nyepesi, zinagongana kama mifupa.
Sevdie akaanza kugawa.
Moja hapa, moja pale, moja penye kiti kitupu,
moja penye jiko, moja dirishani alipopenda Gergin.
"Sevdie," nikasema, "mko wawili."
Hakuinua macho. Alielekeza kidole ubaoni,
kwenye neno ambalo hakuna aliyethubutu kulifuta,
akaendelea. Tatu, tatu, tatu, tatu, tatu.

Mbili zikabaki katikati ya meza,
zinatazamana.